Mkanda wa jeshi umekauka, maumivu yamebaki: dawa ya virusi na vitamini, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Wakuu, upele umekauka lakini ubavu bado unawaka, hata shati likigusa ni moto. Mgonjwa kaandikiwa asaikilova pamoja na vidonge vya B1, B6 na B12. Vinaendana? Tupeni dozi na makosa, hadithi tuziache.

Wa duka la dawa: Havigombani. Ila asaikilova huzuia virusi kuzaliana, kwa hiyo ianze ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Vidonge vikiwa vya 200, unameza 4 kwa mpigo, yaani 20 kwa siku. Hapo ndipo wengi wanapotea: wanameza kimoja kimoja, dozi ya malengelenge ya mdomoni, robo tu ya inayotakiwa. Anywe maji ya kutosha. Mwenye figo mbovu apangiwe dozi na daktari.

Mwanzisha mada: Na kama imeshapita miezi 4?

Tabibu: Asaikilova haina kazi tena hapo, mkuu. Kinachouma ni neva (mshipa wa fahamu) iliyoharibika. Hutumika amitriptilini, miligramu 10 au 25 usiku, au gabapentini kuanzia 300 na kupandisha taratibu. Msikate tamaa siku ya tatu, huchukua wiki kadhaa. Mzee akinywa amitriptilini aangaliwe akiamka usiku kwenda chooni, huanguka. Mwenye shida ya moyo aseme mapema. Gabapentini haiachwi ghafla.

Wa duka la dawa: Vitamini sasa. B12 inasaidia kweli kwa aliyepungukiwa, mfano mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi. Kwa wengine ushahidi ni mdogo, isishike nafasi ya dawa. B6 ndiyo ya kuchunga: dozi kubwa kwa miezi nayo huharibu neva, miguu inakufa ganzi, halafu mtu anaongeza vidonge akidhani ni mkanda. Aliye kwenye isoniazidi ya TB mara nyingi tayari anapewa B6, kwa hiyo jumlisheni.

Tabibu: Malengelenge yakitokea ncha ya pua au karibu na jicho, msisubiri kesho, aonwe na daktari wa macho siku hiyo hiyo. Na kijana akipata mkanda, apime VVU.