Naomba ushauri: mantra za mbegu katika tafakuri ya kila siku bila guru

Msaka_Utulivu
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekuwa nikifanya yoga kwa muda, na sasa nimeingiza bija, yaani mantra za mbegu za Wahindu (silabi takatifu za kurudiarudia), katika tafakuri yangu ya alfajiri. Huanza na LAM, VAM, RAM, YAM, HAM na OM kwa kufuata chakra (vituo vya nguvu mwilini) kutoka chini ya uti wa mgongo kwenda juu, kisha huongeza HRIM na SHRIM kwa sababu tu nilizisoma mtandaoni. Sikuzaliwa katika dini hiyo wala sina guru, yaani mwalimu wa kiroho. Je, inafaa kuendelea hivi?

Mkaazi_wa_Pwani
Mimi nimelelewa katika nyumba ya Kihindu hapa Mombasa, na kwetu sijasikia mtu akitamka bija tupu. Marehemu bibi yangu alisoma "Om Gam Ganapataye Namah", ambamo GAM ni mbegu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na jina la Ganesha pamoja na neno la kumsujudia hufuata papo hapo. Mantra ya namna hii husomwa na yeyote, mtoto kwa mzee, bila kuomba ruhusa. Anzia hapo, ndugu yangu, kwa maana utajua unamwita nani.

Mzee_Tafakuri
Naunga mkono, ila niseme kwa ukali kidogo kuhusu HRIM. Hiyo ni mbegu ya Devi, mungu wa kike, kama KRIM ilivyo ya mungu wa kike Kali, na katika mapokeo ya Kitantra (njia ya Kihindu ya mantra na ibada za siri) hupokewa kwa diksha, yaani ibada ya kuingizwa: guru humchagulia mwanafunzi mantra inayomfaa na kumnong'oneza sikioni. Wafuasi wa mapokeo hayo huamini kwamba mantra iliyookotwa kitabuni haina uhai. Huenda wewe huamini hivyo, lakini ukitumia kitu cha watu, heshimu masharti yao. SHRIM ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na wengi mtandaoni huitafuta kwa tamaa ya fedha. Jambo hilo sitalijadili.

Msomaji_wa_Usiku
Kuhusu chakra, mpangilio unaoufuata umo katika Sat-Chakra-Nirupana, maandishi ya Purnananda ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe aliyatafsiri kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo LAM ni mbegu ya ardhi, VAM ya maji, RAM ya moto, YAM ya hewa na HAM ya anga, na mwenye kutafakari huyayeyusha maumbile hayo moja ndani ya jingine akipanda kuelekea utosini. Ni zoezi moja lenye mwelekeo, kwa hiyo kubandika HRIM na SHRIM mwishoni kunalivuruga.

Msaka_Utulivu
Nashukuru sana. Nitaziacha hizo mbili, nami nitachukua ya Ganesha. Je, nitamke kwa sauti, na nihesabuje?

Mkaazi_wa_Pwani
Anza kwa sauti ya kusikika mpaka matamshi yatulie, ukiiacha M ya mwisho ivume puani badala ya kuikata. Baadaye nong'ona, kisha soma moyoni, namna ambayo walimu huiweka juu ya nyingine zote. Kwa hesabu, tumia mala, yaani tasbihi ya Kihindu, ya shanga 108, ukizivuta kwa gumba na kidole cha kati. Cha shahada hakitumiki. Ukifika kwenye ile shanga kubwa usiivuke, bali geuza mala urudi ulikotoka. Raundi moja kwa siku inatosha kabisa.