MJADALA: Serikali inakuchagulia mume, halafu kitabu kinakuuliza yupi mzuri zaidi. Hiki ndo cha kuwapa mabinti wa sekondari?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wanakusini habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naileta hii mada kwasababu kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa mjini tumebishana mpaka watu wamenuniana, sa naona bora iwe ya wote, walimu, wazazi na mabinti wenyewe mje mseme.

Kitabu ni Matched cha Ally Condie, mwandishi wa Marekani, kilitoka 2010 na kina mwendelezo, Crossed (2011) na Reached (2012). Tulikipata kwenye maboksi ya vitabu vya msaada, mabinti wakakigombania, na sasa kuna wenzangu wanataka mchango wa kikundi ununue sehemu ya pili na ya tatu na nakala zaidi tupeleke kwenye maktaba za shule. Mi napinga. Na sipingi kwasababu kuna mapenzi ndani, nisieleweke vibaya.

Kwa ambao hawajakisoma: ni dunia ya baadae, serikali inaitwa Society na inakupangia kila kitu, chakula unaletewa kwenye kisahani cha foili kimepimwa kwa ajili yako tu, kazi unapangiwa, ukifika miaka 80 unakufa wametaka wao, na ukifika 17 unatangaziwa utaolewa na nani. Cassia anavaa gauni lake la kijani anaenda kwenye karamu ya kutangaziwa, anapewa Xander ambaye ni rafiki yake wa toka utotoni, wote furaha. Anafika nyumbani anaweka kikadi kwenye mashine asome habari za Xander, sura ya Xander inapotea inakuja ya kijana mwingine wa mtaani kwao, Ky. Baadae ofisa anamwambia Ky haruhusiwi kuoa kabisa maisha yake yote, eti kwasababu ya kosa alilofanya baba yake.

Jamani mi nilivyofika hapo nilikaa vizuri kwenye kiti. Maana kwa msichana wa kidato cha tatu wa huku kwetu hiyo sio habari ya miaka mia ijayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 mahakama ikiruhusu, mpaka Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda mahakamani, 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hivyohivyo. Na tukija nyumbani zaidi, sisi Wamakonde, na Wamwera na Wayao, asili yetu ukoo unapita kwa mama, mjomba ndo alikuwa na neno zito kwenye posa ya mpwa wake na kuna nyumba hadi leo mjomba akishasema imeisha hiyo. Kwahiyo kitabu kinachouliza nani alimpa mtu mwingine haki ya kukuchagulia, mi nilikuwa nakisubiri kwa hamu yote.

Na kikalikimbia swali lake chenyewe. Kuanzia hapo ni Xander au Ky, Ky au Xander, kamshika mkono huyu, kamkumbuka yule. Na wote wawili wazuri! Huyu mpole, ana akili, anampenda, yule mpole, ana akili, anampenda. Sasa ubaya wa kuchaguliwa uko wapi kama uliyechaguliwa ndo kijana bora wa mtaa mzima? Mabinti ninaowajua mimi hawakuletewa Xander, wameletewa mtu mzima mwenye wake zake, ambaye msimu wa korosho umemwendea vizuri. Kuna anayepata hela hapo, kuna mjomba anayekwepa deni, kuna mama anayelia chumbani na asubuhi anatoka kupokea wageni. Kwenye kitabu hakuna anayefaidika na ndoa za watu, ni mashine tu inapiga hesabu.

Kuna sehemu moja naomba mkaisome wenyewe. Cassia kazi yake ni kupanga takwimu, anafundishwa kuchambua kundi lipi ni lipi. Siku moja maofisa wanampeleka kwenye kile kiwanda wanachosafisha na kuteketeza visahani vya foili, joto, mvuke, watu mikono imebabuka, anaambiwa wagawe hawa wafanyakazi mafungu mawili, wanaotoka waende kazi nyingine na wanaobaki. Na Ky yuko humohumo. Baadae inajulikana wanaofanya kazi pale hawaishi sana kwasababu ya sumu. Yaani binti wa miaka 17 amefanywa kuwa ndo serikali yenyewe, ameshika maisha ya watu mkononi! Mi nikasema haya sasa, hapa ndo kitabu. Lakini kinachomsumbua kichwani ni Ky aende upande gani. Wale wengine waliosimama pale na mikono imebabuka, kitabu kinawapita kama nguzo za umeme. Hapo ndo niliposhindwa kukisamehe, maana mwandishi hakukosa wazo, wazo alikuwa nalo mkononi akaliweka pembeni ili tujue kijana ana macho gani.

Na anajua kuandika, ndo maana inauma zaidi. Sura ya babu yake Cassia siku anatimiza 80, ndugu wamekaa, chakula cha mwisho kimeletwa, kila mtu anajifanya ni sherehe, na wanachukua sampuli ya mwili wake waihifadhi kwa ahadi kwamba iko siku watamfufua. Baba yake Cassia anaipoteza makusudi, kwasababu babu mwenyewe ndo alivyotaka. Ile sura ingeachwa peke yake ingekuwa hadithi fupi ya maana kabisa.

Kwahiyo swali langu: hela kidogo tuliyonayo na nafasi kwenye makabati ya shule zetu, ziende kwenye vitabu vya namna hii kwasababu tu watoto wanavipenda? Semeni.

Mwalimu, Masasi

Dada nimekusoma mpaka mwisho na hoja zako nzito lakini mi nafundisha kidato cha pili. Mtoto ametoka shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili miaka yote, anafika kwetu bailojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, historia Kiingereza, anakaa darasani ananiangalia tu. Halafu huyohuyo anachukua kitabu kizima cha Kiingereza, hajalazimishwa, hana mtihani nacho, anakimaliza na anakuja kuniuliza maana ya maneno. Unataka nimwambie mwanangu rudisha hicho, hakijachambua dola vya kutosha? Akishazoea kusoma atafika kwenye vizito mwenyewe. Asiyesoma kabisa hafiki popote.

Halafu hukumtendea haki Ky. Kwenye cha pili, Crossed, anasimulia mwenyewe, sura moja yeye sura moja Cassia, na tunaenda huko majimbo ya nje alikopelekwa. Unahukumu nyumba kwa kuangalia mlango.

Mzazi, Lindi mjini

Mi ni baba wa mabinti watatu na nasema toeni hivyo vitabu. Mnabishana mwandishi kafanya nini na dola, mi naona mtoto wa kike wa miaka 15 anasomeshwa namna ya kuwaza vijana wawili kwa wakati mmoja. Sheria ya Elimu imerekebishwa 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela, hiyo haikuwekwa kwa mchezo, iliwekwa kwasababu watoto wetu wanapotea. Mambo ya ndoa mtoto anafundishwa unyagoni na makungwi wanaomjua yeye na ukoo wake, watu waliokwisha kuishi ndani ya ndoa, sio na mtu wa Marekani asiyejua hata Lindi iko wapi. Shule ifundishe shule.

Mchangiaji, Nachingwea

Mzee wangu wa Lindi, kwa heshima zote. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni kwa maneno hayahaya, itaharibu mabinti, baadae marufuku ikaondolewa na shule zikaisoma. Na Rosa mle ndani hakuharibiwa na kitabu. Baba yake alimbana kwa viboko hadi kwa barua moja tu ya mvulana, akatoka nyumbani hajui hata kuongea na mwanaume. Unyago siupingi, dada zangu wote wamecheza, ila kungwi anakufundisha kuishi na mume uliyepewa, hakuna aliyewahi kukuambia unaweza kumkataa.

Binti, Newala, nimemaliza form four

Shikamoo dada, shikamoo mwalimu, shikamoo baba wa Lindi. Mi kitabu nimekisoma kwenye simu ya kaka na nimekipenda na sitaki kuonekana nimekipenda kwasababu mi ni mtoto.

Dada unasema mapenzi yameua hoja. Mi naona mapenzi ndo hoja yenyewe. Kwenye ile serikali watu hawajui kuandika kwa mkono, wameachiwa mashairi mia moja tu mengine yote yameteketezwa, na babu anamuachia Cassia kikaratasi kwenye kikopo cha poda, kina shairi la Dylan Thomas lisiloruhusiwa. Nani anamfundisha kuandika? Ky, anachora herufi chini kwenye udongo huko mlimani. Asingempenda Ky asingejua kuandika hata jina lake. Unataka binti wa miaka 17 aanze na kuwaza wafanyakazi wote wa kiwanda, mi nakwambia mtu anaanza na mmoja. Mi pia nilianza hivyohivyo. Nilivyoletewa habari za mchumba baada ya mtihani sikuwaza haki za wanawake Tanzania nzima, niliwaza tu huyu simtaki, na kuna mtu mwingine ningependa hata nimfahamu kwanza. Ndo nikapata nguvu ya kusema hapana kwa mjomba. Bibi akanisaidia.

Na Xander kuwa mzuri ndo inatakiwa. Ukiletewa mtu mbaya kila mtu atakuelewa ukikataa, hata jirani. Ukiletewa mtu mzuri mwenye kazi asiyelewa, unakataaje? Watakwambia una kichaa. Mi wangu hakuwa mzee wa wake watatu, alikuwa kijana ana bodaboda zake mbili, anaswali. Na bado nilikuwa na haki ya kusema hapana.

Mleta mada

Mdogo wangu wa Newala, ulichoandika hapa ni kizito kuliko Matched yote na nasema kwa dhati ya moyo. Hiyo ya kumkataa mtu mzuri ungeikuta kwenye kitabu imeandikwa hivyo ulivyoiandika wewe nisingefungua huu mjadala. Lakini nenda karudie kusoma, Cassia hajawahi kusimama mbele ya mama yake au ofisa akasema simtaki Xander kwasababu ni haki yangu. Anampenda Ky, basi, na Ky asingetokea kwenye ile mashine angeolewa na Xander akafurahi na karamu zikaendelea kwa wasichana wengine. Wewe ulikuwa na nguvu hata bila huyo mwingine, ulisema mwenyewe hata hukuwa unamfahamu. Kitabu hakimpi Cassia hiyo nguvu, kinampa kijana wa pili. Na kile kikaratasi na udongo, nakubaliana na wewe kabisa, ni kizuri, ndo maana nasema anajua kuandika.

Mwalimu, mtoto mwenye hamu ya kusoma simnyang'anyi kitabu, nakala tuliyonayo ibaki hapohapo na aazimwe anayetaka. Naongelea hela. Na mwandishi aliyeuza mlango siwezi kumsifia kwa vyumba ambavyo natakiwa ninunue tena. Baba wa Lindi, mabinti wako wakija kwangu watakutana na vitabu vya mapenzi, sitakudanganya, ila nitakaa nao tuvisome pamoja na wewe pia karibu, kaa kwenye kiti usikilize wanachosema, utashangaa wanavyojua kubaini mwongo.

Msimamo wangu kwenye kikao ni uleule, mchango usinunue hivyo viwili, tuchapishe hadithi za mabinti wenyewe hata kwa fotokopi na stepla, tukianzia na ya huyu wa Newala kama atakubali na kama jina lake litafichwa.

Binti, Newala

Naandika dada, ila kwa masharti mawili. Bibi yangu nisome kwanza mbele yake. Na mwalimu wa Masasi kama una hicho cha pili nipe kwenye gari zinazopanda Newala, nauli ya mzigo nitalipa mimi nikikipokea stendi, nataka nikajue Ky anasema nini mwenyewe kabla sijamkubalia dada.

Mwalimu, Masasi

Ninacho, kimechanika jalada. Kesho asubuhi nampa konda.