Kengele za joto la injini za boti: tunauziwa mapambo, tutakuja kufia baharini

Wakuu, nina hasira na leo sifichi. Wiki iliyopita tumetoka Kilindoni kwenda Nyamisati na mzigo wa samaki, boti ya mbao, mashine ya dizeli ya ndani. Tuko katikati ya mkondo, kusi limechachamaa, baharia ananiambia, "Nahodha, nasikia harufu ya mpira." Natazama dashibodi: taa haijawaka, kengele kimya. Nafunua mashine, moshi ukanivaa usoni. Mpira wa ekzosi umevimba malengelenge, ukiubonyeza unabonyea kama andazi. Impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu inayovuta maji chumvi ya kupoza mashine na ekzosi, imebaki na mapezi mawili. Tukazima, tukaelea hadi wenzetu walipokuja kutuvuta. Watu watano.

Kengele ile niliinunua mpya Kariakoo, nikaapiwa ni orijino.

Nyumbani nikaichomoa swichi yake, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, na waya zake kwenye mita ya umeme nione ikiwasha. Imeandikwa 95, yaani nyuzi joto za kuliza kengele. Maji yakachemka mpaka yanamwagika, mita haikutikisika! Nampigia muuzaji, ananijibu, "Mbona ukigeuza ufunguo inalia?" Ndugu yangu, ule mlio wa kabla ya kuwasha ni wa presha ya oili, kwa sababu mashine haijazunguka na presha haipo. Joto halihusiki kabisa. Ndiyo maana tunadanganyika miaka yote: tunausikia mlio huo kila asubuhi, tunaamini kila kitu kinafanya kazi.

Hata ingekuwa nzima, ingechelewa. Swichi hiyo imekaa kwenye maji yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani ya mashine. Maji chumvi yakikatika, ekzosi ndiyo inaanza kuungua, ya ndani yanapanda taratibu. Na hayo ya ndani yakivuja yote, swichi inabaki hewani na inaweza isilie kabisa. Kengele ya kwanza kununua ni ya kufunga kwenye mpira wa ekzosi, baada tu ya pale maji chumvi yanapoingia kuupoza moshi. Hakuna duka hata moja lililoniambia hivyo.

Mlio nao! Kajidude kama cha saa ya mezani, ushindane na dizeli? Waya wenyewe shaba tupu, miezi mitatu ya chumvi umeota kijani.

Mnaouza hizi kengele mko humu, nawajua mnasoma. Wekeni jiko na sufuria dukani, mteja aisikie ikilia kabla hajatoa hela.