Dawa za utumbo zimenizima chumbani, nifanyeje?

Mvuka_Feri
Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Hii akaunti nimefungua leo kwa ajili ya aibu, ile ya zamani wengi humu wanijua mpaka mtaa. Nina miaka 32, niko na bibi, ndoa yetu yaingia mwaka wa pili na mtoto bado hatujajaliwa. Mie ni karani wa mizigo bandarini, naishi Likoni, kila siku navuka.

Shida ilianza mwaka juzi, nikawa naharisha damu. Nikatibiwa amiba mara tatu, mara ati ni bawasiri, nikameza Flagyl mpaka mdomo ukawa na ladha ya msumari, wapi. Mwisho daktari mmoja akanitia kamera kwa nyuma ndio ikajulikana ni kolaitisi, yaani vidonda ndani ya utumbo mpana, na sio kitu cha kupona ukasahau. Nikaanzishwa sulfasalazini vidonge vinane kwa siku pamoja na prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza uvimbe, ya kupunguza polepole.

Damu imekata, alhamdulillahi. Lakini sasa ndio nimekuja kwenu. Huu mwezi wa tatu jogoo hapandi mtungi, na hata siku akipanda, ile hamu yenyewe haiko. Usiku niko macho mpaka saa tisa, uso umenivimba kama hamri, na bibi akinisogelea akili yangu yote iko chooni, naskiliza tumbo linavyonguruma kama injini ya feri. Yeye ameanza kunena ati niko na mtu Mtongwe. Mamake kashapiga simu kuuliza "kwani mumeo ana nini". Supu ya pweza nimekunywa mpaka muuzaji akiniona yuanijazia bakuli bila kuniuliza. Juzi nikanunua kile kidonge cha buluu kwa kemisti, moyo ukanienda mbio, kichwa kikaniuma, basi ikawa hiyo tu.

Nimefikiria wiki hii niache dawa zote nione. Daktari sijamwambia, ni mtu wa umri wa babangu na mlango wa chumba chake haufungi vizuri, foleni nzima yasikia. Kuna aliyepitia haya?

Kijogoo_wa_Majengo
Pole sana bro. Mie naona hapo kuna mkono wa mtu. Miezi mitatu kuzimika hivyo hivyo kijana wa 32? Tafuta mzee akufanyie kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya, na hizo dawa za hospitali ziweke kando kidogo mwili upumue.

Mama_Swabra
Kijogoo, kombe anywe akitaka, kusoma dua hakuna ubaya, lakini usimwambie mtu aweke dawa kando.

Mwanangu Mvuka, mie ni nesi, wodini nimekaa miaka mingi, niskize. Prednisoloni haiachwi ghafla hata siku moja. Ukiitumia wiki kadhaa mwili wako unaacha kutengeneza ile homoni yake yenyewe kwa sababu waona yaletwa kwa kidonge, sasa ukikata ghafla utaishiwa nguvu, presha ishuke, unaweza hata kuanguka hapo kwenye ngazi za feri. Ndio maana ulipewa ya kushuka polepole.

La pili, umechanganya mambo mawili kwa chungu kimoja. Kuna mambo ya chumbani na kuna mambo ya mtoto. Sulfasalazini inajulikana kupunguza mbegu za kiume na kuzifanya ziogelee vibaya, hilo ni kweli na wanaume wengi hawaambiwi. Lakini si ya kudumu, dawa ikibadilishwa mbegu hurudi baada ya miezi miwili mitatu hivi, kwa sababu mbegu mpya zachukua muda huo kukomaa. Kuna ndugu yake aitwaye mesalazini, kwa kawaida hana tabia hiyo, wengi wanaotafuta mtoto huhamishiwa huko. Sasa kuhama ni kwa daktari, sio wewe na kemisti. Na ukiona mkojo wa rangi ya chungwa usitishike, ni hiyo hiyo sulfasalazini.

Jogoo ni hesabu nyingine. Prednisoloni yakunyima usingizi, yakuvimbisha uso, yaweza kukuharibia mudi ukawa mtu wa huzuni ama hasira. Juu yake ulitoka damu muda wote huo, wamekupima damu iko ngapi? Mtu mwenye upungufu wa damu hata kupanda ngazi ni kazi, sembuse hiyo. Na ugonjwa wenyewe ukiwaka huzima hamu bila dawa yoyote. Kwa hivyo ukiacha dawa uharishe tena, ndio utakuwa umejifungia mlango kabisa.

Hicho kidonge cha buluu chafanya kazi mtu akiwa na hamu, hakileti hamu. Na mtu anayetumia zile dawa za moyo za naitreti akikinywa presha yaweza kushuka mpaka afe, kwa hivyo usinunue tena kama peremende.

Ua_la_Asmini
Mie ni mwanamke, nina Crohn, ndugu yake huo wako, miaka sita sasa. Nashukuru umeuliza maana sisi wanawake ndio hatuulizwi kabisa. Wakati ule ugonjwa umewaka mie tendo lilikuwa maumivu matupu, nilikuwa na kidonda karibu na njia ya haja kubwa kinatoa usaha, nikawa namkimbia mume nalala na watoto wa dadangu, nikisema wanaota vibaya. Miezi minne hivyo! Akadhani nimemchoka.

Halafu nilipewa methotreksati, nikameza karibu mwaka ndio daktari mwingine akaniuliza watumia mpango wa uzazi gani, nikamwambia hakuna, akashika kichwa. Hiyo dawa huharibu mtoto tumboni, mwanamke yapaswa aiache miezi kadhaa kabla hata ya kushika mimba. Nilijua siku hiyo. Nikahamishwa azathioprini, hiyo wengi wabeba mimba nayo salama, na mie nina mtoto wa miaka miwili hapa anapigana na rimoti.

Kaka, lililotusaidia sisi ni mambo madogo madogo tu. Tulihamisha usiku kwenda alfajiri, kwa sababu mie tumbo langu alfajiri limetulia. Siku hiyo jioni sili biriani wala achari, nala wali mweupe na samaki wa kupaka wa pilipili kidogo. Naenda choo kwanza. Na mwanzo tulikaa wiki mbili tunashikana tu, tukakubaliana hakuna kingine, ile presha ya "leo itakuwa ama haitakuwa" ikaondoka. Wewe bibi yako ajua una ugonjwa gani haswa ama ajua "tumbo" tu?

Mzee_wa_Kifuko
Vijana, mie wangu ulishindikana kwa dawa. Walitoa utumbo mpana wote pamoja na ile sehemu ya mwisho kabisa, natoa choo kwa mfuko hapa ubavuni kulia. Kabla ya kisu daktari wa upasuaji alinikalisha na mke wangu akatuchorea kwa biro, mishipa ya fahamu ya mambo ya kiume yapita nyuma ya hapo hapo anapokata, akasema atachunga lakini yaweza kuguswa. Nilikaa karibu miezi minane sijiwezi. Ikarudi, si kama ya ujana lakini ilirudi.

Huo mfuko ndio ulinipa kazi kichwani. Mara ya kwanza nilivaa shati na singlendi na taa nikazima. Mama watoto akaniambia washa taa mzee, nataka nione nitakapoweka mkono. Kesho yake akakata leso yake nzuri akanishonea kifuniko cha mfuko, ile jina la leso ilikatika katikati, kwa hivyo mie tumboni nina nusu ya methali mpaka leo. Namwaga mfuko kwanza, navalia leso yangu, basi.

Kijogoo_wa_Majengo
Nusu ya methali 😂😂 mzee umenimaliza. Haya Mvuka, nafuta maneno yangu ya kuacha dawa. Kombe silifuti.

Mvuka_Feri
Nimerudi. Asmini swali lako lilinichoma, kwa kweli alijua "tumbo" tu. Mie hata damu nilimficha, nilikuwa nikitoka chooni nafungulia maji mpaka ndoo imwagike asisikie.

Jana jioni tuko foleni ya feri upande wa kisiwani, watu tele, nikampa simu nikamwambia soma. Akasoma kimya. Alipofika kwa leso akacheka mpaka mama mmoja mwenye kapu akageuka. Halafu akakaa, tukapanda, tuko katikati ya maji ndio akasema "kumbe wakimbia choo, na mie miezi yote hii nasema wanikimbia mie". Mtongwe haijatajwa tena.

Dawa naendelea nazo. Jumanne niko na kliniki, yuaja nami. Nimeandika nyuma ya pakiti: damu ipimwe, sulfasalazini yaweza kubadilishwa, na hilo la tatu mwalijua. Mama Swabra nishauri, hilo la tatu nilitamke ama nimpe asome mwenyewe? Mlango bado haufungi.

Mama_Swabra
Mpe asome. Na bibi yako aegemee mlango.