Mati Diop ni wa Senegal au wa Ufaransa? Na Dahomey ni ya nani?

Wadau, tangu Dahomey, filamu ya mwongozaji Mati Diop, ichukue Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, Februari 2024 (jopo la majaji likiongozwa na Lupita Nyong'o, Wakenya mlitamba sana siku ile) ubishi haujaisha, eti yeye ni Mfaransa tu anayekuja kushuti huku. Mi nasema ni wetu, ila nina kinyongo nitakisema.

Kazaliwa Paris 1982, mama Mfaransa, baba ni Wasis Diop yule mwanamuziki wa Senegal, na baba yake mkubwa ndo Djibril Diop Mambéty aliyetoa filamu ya Touki Bouki 1973. Mtu wa ukoo huo unamwitaje mgeni? Tena hakukaa akala jina la ukoo, 2013 alimfuata Magaye Niang, staa wa hiyo hiyo Touki Bouki, akamtengenezea filamu kuonyesha maisha yalimfikisha wapi. Halafu filamu yake Atlantique ya 2019, vijana wa Dakar wanajenga ghorofa hawalipwi mpaka wanapanda mtumbwi kuitafuta Hispania, Kiwolofu karibu mwanzo mwisho, waigizaji wengi wametolewa mtaani tu, ikabeba Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa ya tamasha la Cannes.

Wanaompinga wana hoja moja siibezi: hela. Anayejua milango ya Paris anapata bajeti, dogo wa Pikine, pembeni ya Dakar, mwenye skripti kali hata viza inamshinda. Kweli kabisa, lakini hapo wa kubanwa ni serikali zetu, yeye kosa lake lipi?

Sasa kinyongo. Dahomey inahusu vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na jeshi la Ufaransa 1892 kwenye ufalme wa Dahomey (Benin ya leo) vikarudishwa Benin 2021. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi, Benin, ndo wanabishana mule ndani, na sanamu ya mfalme inaongea Kifon, lugha ya huko huko Benin. Halafu nchi iliyoipeleka kuwania Oscar ya filamu bora ya kimataifa ni Senegal! Hapo mi nimeshindwa kuelewa, kilio cha Benin bendera ya wengine.

Na nyie mnaosema uchotara unamfanya mtu aelewe pande zote, jenerali aliyeongoza jeshi la Ufaransa kwenye vita ile ya 1892 ni Alfred Dodds, chotara wa Saint-Louis, Senegal hiyo hiyo. Huyo mnamweka wapi?

Haya, Oscar ilitakiwa ipelekwe na nani? Mwenye hoja ya pasipoti aje na nyingine, hiyo tumeichoka.