Kunguni wamerudi baada ya kupulizia dawa. Nifanye nini kabla ya raundi ya pili?

MpangajiGhorofaTatu
Hamjambo wadau. Niko kwenye bedsita huku Pipeline, Embakasi. Chumba kilipuliziwa dawa, kukatulia siku tisa hivi, sasa naona wadogo wadogo wa rangi ya majani makavu kwenye mshono wa godoro. Kitanda ni cha mbao, kuna kochi moja la mtumba na pazia la kugawa chumba. Mtoto wa miaka miwili analala humo humo. Nirudie dawa ile ile, nibadilishe, au nitupe godoro?

MpulizaDawa
Godoro usitupe. Hao wadogo wametoka kwenye mayai. Dawa nyingi za kupulizia haziui yai la kunguni: ni jeupe, urefu wa milimita moja, limegandishwa ndani ya ufa, na huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Baridi ya Julai ikiingia hukawia zaidi. Ndiyo maana raundi moja kwa kawaida haitoshi. Ya pili ifanywe siku 10 hadi 14 baada ya ya kwanza, kabla wachanga hawajakomaa wakaanza kutaga.

Soma pia lebo ya dawa iliyotumika. Kama kiungo chake kinaishia na "-thrini" (permethrini, saipamethrini, deltamethrini), hilo ni kundi moja, na kunguni wa sehemu nyingi wamelizoea. Ukibadilisha jina la chupa bila kubadilisha kundi, hujabadilisha kitu. Na chupa isiyo na nambari ya usajili ya PCPB (bodi ya Kenya ya kudhibiti dawa za wadudu) usiiingize chumbani, hata kama muuzaji anaapa.

SeremalaGikomba
Kabla ya dawa yoyote, fungua kitanda. Watu hupulizia juu juu na kunguni wako ndani ya maungio. Chukua bisibisi, tochi na kadi ngumu ya zamani. Toa mbao zote zinazobeba godoro, ngoa ubao wa kichwani, pitisha kadi kwenye kila ufa na kila tundu la skrubu. Vidoa vyeusi ni kinyesi chao: pangusa kwa kitambaa kibichi, vikitapakaa kama wino ni wenyewe.

Kisha maji ya moto. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini kunguni na mayai hawaponi hata kwenye 60. Shida ni kwamba mbao hupoza maji haraka. Kwa hivyo mimina polepole, mdomo wa birika ukiwa karibu na ungio, rudia mara mbili, na ufanyie nje, mbali na mtoto. Kitanda kikikauka, jaza nyufa kwa puti ya mbao au gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno.

Kochi lipindue. Kile kitambaa chepesi cha chini kibandue kabisa, ndipo wanapojaa.

MamaUsafi
Nguo, shuka na hilo pazia: maji ya nyuzi 60, nusu saa. Kama ndoo inapoa, ongeza maji ya moto katikati. Dobi mwenye mashine ya kukaushia ni bora zaidi, nusu saa kwenye joto la juu. Usitegemee kuanika tu, jua letu halipashi katikati ya rundo la nguo. Zilizokwisha kusafishwa ziweke kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana, zisirudi kabatini hadi kazi iishe.

MpangajiGhorofaTatu
Asanteni sana. Jirani ananiambia nipake mafuta taa kwenye godoro, mwingine anasema vidonge vya kuhifadhi mahindi. Na ule unga mweupe je?

AfyaMtaani
Vidonge HAPANA. Vile hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo hupenya hadi chumba cha jirani na kuua watu wakiwa usingizini. Mafuta taa kwenye sponji ni moto unaosubiri kiberiti, na mayai yaliyo ndani ya maungio hayafikii.

Huo unga mweupe, kama ni wa diatomaiti (mwamba laini uliosagwa), unafaa, ule ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Hunyonya nta ya ngozi ya mdudu, naye hukauka baada ya siku kadhaa. Uliza ambao haujachomwa. Uliochomwa kwa ajili ya vichujio huumiza mapafu. Vaa barakoa, tumia brashi, paka utando mwembamba usioonekana vizuri, maana ukirundikana wanauzunguka. Weka kwenye nyufa za ukuta pekee. Si kwenye godoro, na si mahali mtoto anafikisha mkono. Ukilowa haufanyi kazi.

MpulizaDawa
Naongeza: mwambie msimamizi wa ploti vyumba vya pembeni, juu na chini vikaguliwe wiki hiyo hiyo. Kunguni hupita kwenye mabomba ya nyaya na chini ya mlango. Zima swichi kuu, fungua vifuniko vya soketi, ziba pengo kati ya kisanduku na ukuta. Usimwage dawa ya maji humo.

Usihamie kulala kochini wakati huo. Watakufuata, na utakuwa na viota viwili.

MpangajiGhorofaTatu
Nitajuaje wameisha?

SeremalaGikomba
Mitego. Kila mguu wa kitanda uweke ndani ya kibakuli laini cha plastiki, na hicho ndani ya kingine kikubwa. Nje ya kile kikubwa zungusha tepu ya karatasi ili wapande. Ndani paka poda ya mtoto, wateleze. Kitanda kikae sentimita 15 kutoka ukutani, blanketi lisiguse sakafu. Kagua kila asubuhi kwa wiki nane. Akiingia hata mmoja, anza kuhesabu upya. Godoro lifunge kwenye kifuniko cha zipu na usikifungue mwaka mzima, kwa sababu aliyefungiwa ndani anaweza kuishi miezi mingi bila damu.