Msimu wa 2010/11 Argentina: River Plate walishukaje daraja na timu mbovu kuliko wao zikabaki?

Kijiti_Chembamba
Wadau, naomba ufafanuzi wa hesabu. Apertura 2010 (nusu ya kwanza ya msimu, mechi 19) River Plate walimaliza nafasi ya 4 wakiwa na pointi 31. Clausura 2011 (nusu ya pili) wakawa wa 9 na pointi 26. Jumla 57 katika mechi 38, timu ya katikati ya msimamo kabisa. Iweje Juni 2011 wacheze mchujo wa kushuka? Na mkinipa kanuni, nipeni pamoja na tarakimu, maana kila ninapopiga hesabu katikati ya msimu napata jibu tofauti na lililotangazwa.

Nahodha_wa_Benchi
Mkuu, wakati ule msimamo wa msimu haukuwa unashusha mtu. Ulikuwa wa kutafuta bingwa, na mabingwa walikuwa wawili kwa mwaka: Estudiantes wakachukua Apertura, Vélez Sarsfield wakachukua Clausura. Kushuka kuliamuliwa na promedio: pointi za misimu 3 ya mwisho ukigawanya kwa mechi ulizocheza Ligi Kuu katika misimu hiyo.

River:
2008/09: pointi 41
2009/10: pointi 43
2010/11: pointi 57
Jumla 141, gawanya kwa mechi 114 (38 mara 3), unapata 1.237.

Kilichowamaliza ni Apertura 2008: pointi 14 katika mechi 19, wakashika mkia. Kinachouma zaidi ni kwamba miezi michache kabla ya hapo walikuwa mabingwa wa Clausura 2008. Ila Clausura ile ni ya msimu wa 2007/08, na kufikia 2010/11 msimu huo ulikuwa umeshatoka kwenye hesabu. Pointi za ubingwa zimefutwa, za aibu zimebaki.

Timu zilikuwa 20. Mbili za mwisho kwa promedio zilishuka moja kwa moja. Ya 17 na ya 18 zilicheza Promoción, yaani mchujo wa mechi mbili, na timu za daraja la pili. River wakawa wa 17.

Mzee_wa_Msimamo
Naongezea kwenye lile kosa la katikati ya msimu. Nadhani unatafuta wastani wa kila msimu, halafu unatafuta wastani wa hizo wastani tatu. Usifanye hivyo, mechi hazilingani. Chukua River baada ya Apertura 2010:

Kwa njia yako: 41/38 ni 1.079, 43/38 ni 1.132, 31/19 ni 1.632. Wastani wake 1.281.
Kwa njia sahihi: 41+43+31 ni 115, gawanya kwa mechi 95, ni 1.211.

Mechi 19 za msimu mpya umezipa uzito sawa na mechi 38 za msimu uliopita, ndiyo maana River wako wanaonekana salama. Mwisho wa msimu njia zote mbili zinatoa jibu moja, kwa hiyo kosa linajificha.

Kijiti_Chembamba
Hapo umenipata, ndivyo nilivyokuwa nafanya. Na timu iliyopanda juzi, ile misimu miwili ambayo hawakuwepo inahesabiwa sifuri?

Nahodha_wa_Benchi
Hapana, haihesabiwi kabisa. Olimpo, Quilmes na All Boys walipanda 2010, kwa hiyo pointi zao ziligawanywa kwa mechi 38 tu. Ushindi mmoja kwao ni 3/38, yaani 0.079. Kwa River ni 3/114, yaani 0.026. Aliyepanda anaruka haraka na kuporomoka haraka: Olimpo na All Boys wakabaki, Quilmes wakashuka moja kwa moja. Mkongwe akishachafuka, hata msimu mzuri haumsafishi upesi.

Huracán nao walishuka moja kwa moja, baada ya kulingana na Gimnasia La Plata na kufungwa katika mechi ya ziada. Gimnasia hawakufaidi sana, wakatolewa na San Martín de San Juan kwenye Promoción.

Pembe_Nne
Kwenye Promoción wengi hukosea jambo moja: jumla ya mabao ilipolingana, hapakuwa na muda wa ziada wala penalti, timu ya Ligi Kuu ilibaki. Belgrano, wapinzani wa River kutoka daraja la pili, walishinda 2-0 kwao Córdoba tarehe 22 Juni, kwa hiyo River walihitaji ushindi wa mabao mawili tu kwenye uwanja wao wa Monumental. Tarehe 26 Pavone wa River akafunga mapema, Farré wa Belgrano akasawazisha kipindi cha pili, kisha kipa wa Belgrano, Olave, akadaka penalti ya Pavone. Ikawa 1-1, mwamuzi Pezzotta akaisimamisha dakika ya 89 kwa vurugu.

Kwa wanaosema promedio iliwaonea River: mwaka 1983 walimaliza wa 18 kati ya timu 19, na promedio hiyohiyo ndiyo iliyowabakisha. Racing wakashuka.

Kijiti_Chembamba
Waliporudi 2012, lile deni la 2008 liliwafuata?

Mzee_wa_Msimamo
Halikuwafuata. Ukishuka, pointi zako za zamani zinafutwa. Msimu wa 2012/13 walianza na pointi sifuri na mechi sifuri, wakahesabiwa kama timu yoyote iliyopanda.